Rafu ya Majina

Kabla rafu haijaja, vifaa vyote vya mashine ya miling, ile inayochonga chuma kwa visu vinavyozunguka, katika karakana ya Mzee Momanyi pale Keumbu vilikaa ndani ya kreti ya soda. Ilikuwa kreti kuukuu, imevunjika pembe mbili, na ilikaa chini ya meza ya fundi Onchiri, karibu na mguu wake wa kushoto. Ndani mlikuwa na visu vya kuchongea chuma vya kila unene, vishikio vya visu hivyo, nati zisizo na wenzao, nusu ya msumeno, na pakiti ya chumvi ambayo hakuna aliyejua ilifikaje humo. Ukitaka kisu, ulimuuliza Onchiri. Naye hakujisumbua kutazama chini. Alitumbukiza mkono, akapekua, akakutolea ulichotaka, kisha akakukazia macho aone kama umeshangaa.

Watu walishangaa, na kichwa kikamvimba. Kwa miaka kumi na sita Onchiri alifika kazini saa nne, na siku ambazo chai yake ya shambani ilikuwa tayari kuchunwa hakufika kabisa. Mzee Momanyi, ambaye ni mzee wa kanisa na kila Sabato alikemea uvivu mbele ya waumini, alimeza tu. Angefanya nini? Kuiendesha ile mashine si kazi ya miujiza. Sheila wa mashine ya lathe, ile ya kukereza chuma, aliwahi kuiendesha mara mbili na chuma kikatoka safi. Shida ilikuwa kukipata kisu. Bila Onchiri, kutafuta kisu cha milimita kumi ndani ya kreti ile kulikula nusu siku na vidole viwili. Kreti ile ndiyo iliyokuwa barua yake ya ajira, na mwenyewe alilijua hilo kuliko alivyoijua Amri Kumi.

Kwamba visu viligongana humo ndani vikamenyeka makali, hilo halikumkosesha usingizi. Kisu kikiharibika alisema ni chuma cha siku hizi, hakina imani.

Bango la mlangoni lilisema “Momanyi na Wanawe, Mafundi wa Mitambo.” Wana wenyewe wako Amerika, hutuma picha zao wakiwa kwenye theluji kila Krismasi na kuuliza kama baba bado yuko na ile karakana. Magoti ya mzee yalipochoka, aliyekuja kushika usukani ni Linda, kitindamimba, ambaye bango halikumhesabu. Linda alikuwa amesomea uhandisi na ana ile tabia mbaya ya watu waliotembelea karakana za wenzao: alirudi na picha. Katika picha zile kila kisu kilikuwa kimesimama peke yake kwenye tundu lake, kimepakwa mafuta, hakigusani na jirani.

Siku moja ya Jumatatu alikuja akasimama mbele ya meza ya Onchiri na simu mkononi.

“Fundi, naomba unitengenezee rafu kama hii. Ikifika Ijumaa, hiyo kreti irudi kwa wenye soda.”

“Madam, mimi hizi vitu najua mahali ziko.”

“Najua unajua,” Linda alisema. “Nataka na sisi tujue.”

Onchiri aliisukuma kreti kwa mguu ikae karibu naye zaidi. Alipokwenda nyumbani Marani jioni ile hakumaliza ugali, na mkewe Bonareri alipomuuliza kulikoni alisema ni meno. Siku ambayo mtu yeyote angeweza kunyoosha mkono na kuchukua kisu bila kumuuliza, yeye angekuwa nani? Angekuwa mzee wa miaka hamsini na miwili anayetakiwa kufika saa mbili asubuhi.

Basi akaazimia kuitengeneza vibaya. Hilo ndilo lililokuwa shauri lake la kwanza, na lingekuwa shauri zuri kama angekuwa na mikono mingine. Lakini mikono ya Onchiri, pamoja na uvivu wote wa mwenyewe, ilikuwa mikono ya fundi. Alichagua mbao za msaiprasi zilizokauka, kwa sababu mbao mbichi zingepinda na kuvibana vifaa. Akazipanga ngazi nne zikiwa zimeinama mbele kidogo, ili kila kifaa kionekane na mafuta yachuruzike kwenye mfereji badala ya kutuama tunduni. Jiliwa na vitu vizito akavipa ngazi ya chini. Halafu akaanza matundu. Alikuwa amekusudia kuyatoboa yote sawa, makubwa, visu vipwaye kama meno ya bibi. Badala yake akajikuta ameshika kipimo, anapima kila kishikio shingoni na tumboni, anatoboa, anapunguza, anajaribu, anapunguza tena, hadi kila kimoja kikaingia kwenye tundu lake kwa sauti ndogo ya kuridhika, na kwenye tundu la mwenzake kisiingie hata kwa nyundo. Kufikia Alhamisi kulikuwa na matundu arobaini na mawili, na Sheila alizima lathe yake akaja kutazama.

“Hii sasa ni kazi,” Sheila alisema.

Onchiri alifurahi, kisha akakumbuka kwamba hakutakiwa kufurahi.

Yakabaki maandishi. Linda alitaka chini ya kila tundu paandikwe unene wa kisu kwa milimita. Hapo ndipo Onchiri alipoiona njia ya kuponea. Katika miaka yake yote hakuwahi kukiita kisu kwa milimita. Kila kisu kilikuwa na jina la mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyokipa sifa. Kulikuwa na kisu cha Nyakerario, mjane wa Nyamira, kilichofufua mashine yake ya kukatia ng'ombe nyasi. Kulikuwa na kisu cha Mwalimu Ogoti, kilichotengeneza pampu ya maji ya mwalimu huyo ambaye mpaka leo hushukuru akiwa na hasira. Na kulikuwa na mfalme wao, kisu cha Bitutu.

Bitutu ana kinu cha posho pale sokoni Keumbu. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Krismasi, shafti ya kinu, yaani mhimili wake unaozunguka, iliharibika kwenye ule mfereji mwembamba unaoshikilia gurudumu, na akina mama walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao. Onchiri alichonga mfereji mpya kwa dakika arobaini. Hiyo ni hesabu ya siku ile. Hadithi ilivyoendelea kukua, dakika zilipungua zikawa ishirini na foleni ikarefuka ikafika barabara kuu ya kwenda Kisii. Aliisimulia kila saa ya chai, mashine zote zikizimwa ili asikike, akieleza alikishikaje kisu, alikipa kasi gani, na mfereji ulikuwa na upana gani. Visu vingine navyo vilisimuliwa kwa zamu. Karakana nzima ilizisikia hadithi zile hata kuku wa jirani wakazizoea.

Basi akachukua brashi na rangi nyeupe akaandika majina. BITUTU. MW. OGOTI. NYAKERARIO. PADRE. YULE WA TREKTA. Majina arobaini na mawili, kwa herufi nzuri, na pasiwepo hata milimita moja. Sasa waje wachukue, alijisemea.

Ijumaa Linda aliisoma rafu kuanzia juu mpaka chini, polepole, mikono nyuma. Onchiri alisubiri ugomvi, maneno yakiwa tayari mdomoni.

“Sawa, fundi,” Linda alisema, akaenda zake ofisini.

Mtu mwenye busara angeiogopa sana hiyo “sawa”. Onchiri aliiona ushindi. Ili ushindi wenyewe ukamilike, aliamua kuugua. Jumatatu ingeletwa shafti kubwa kutoka kiwanda kimoja cha chai, nayo ilihitaji mfereji wa upana uleule wa Bitutu, tena haraka kwa sababu majani hayangoji. Wangemtafuta. Wangempigia simu wakimbembeleza, naye angekohoa kidogo na kusema atajaribu kuja, na tangu hapo neno la rafu lisingetajwa mbele yake. Na kwa kuwa mtu mwangalifu hafungi mlango bila kuweka komeo, Ijumaa hiyo jioni alikichomoa kisu cha Bitutu pamoja na kishikio chake, akakitia katika mfuko wa ndani wa koti, akaenda nacho Marani. Nitamwita mwizi? Mwenyewe alisema amekiazima.

Jumatatu asubuhi alituma ujumbe kwamba malaria imemwangusha. Kisha akajilaza chumbani, simu kifuani, akangoja.

Saa tatu simu haikulia. Saa tano haikulia. Saa sita alitoka amejifunika blanketi akapanda mwinuko ulio nyuma ya migomba, mahali penye mtandao mzuri, akasimama pale kama mtu anayekagua shamba. Alirudi akachukua simu ya Bonareri akajipigia mwenyewe, aone kama yake inalia. Ililia vizuri kabisa. Bonareri alimtazama akiwa na simu mbili, moja kila sikio, akaenda kumchemshia majani ya mwarobaini aliyoyaomba kwa jirani. Ilimbidi ayanywe.

Jumanne alinyoosha mkono ukutani mahali pa koti akakuta msumari mtupu. Koti lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Alimuuliza mkewe kwa sauti ya mgonjwa kama kuna kitu alikiona mfukoni.

“Niliona, Baba Bravin. Nimeweka vizuri.”

Vizuri wapi, hakuthubutu kuuliza. Mtu anayetetemeka kwa malaria haulizi habari za vyuma. Jioni, moyo ukiwa umemwisha, alimwandikia Sheila ujumbe akiuliza wanaendeleaje. Jibu lilikuja upesi: “Salama fundi, pona.” Aliusoma mara sita akitafuta ndani yake dalili ya shida, asiione. Nusura aanze kuugua kweli.

Jumatano mchana Bonareri aliingia chumbani mbio akamwambia avae shati, kuna wageni wa kazini. Onchiri aliinuka na uso wa ushindi. Hatimaye! Wamekuja wenyewe, magoti ya mzee na yote, kumwomba. Alijitanda blanketi mabegani, akakumbuka kuchechemea ingawa malaria haichechemeshi mtu, akaingia sebuleni.

Walikuwa wameketi kwenye viti vyenye vitambaa vya kushona: Mzee Momanyi na fimbo yake, Linda, na Sheila aliyeshika mfuko wenye mkate, sukari na maziwa, kama inavyopasa mtu anapokwenda kumwona mgonjwa. Walimwamkia kwa upole, wakamuuliza homa inapanda saa ngapi. Onchiri alijibu, kisha akauliza, kama jambo lisilo na uzito, ile shafti ya kiwanda imefikia wapi.

“Waliichukua jana saa nane,” Sheila alisema. “Imekaa vizuri sana.”

“Mlipata aje kisu?”

“Kwani si umeandika majina? Ya Bitutu hatukuiona. Nikachukua ya Mwalimu Ogoti, ni nyembamba kidogo, nikapitisha mara mbili. Si ndio vile ulifanya mwaka ule ya Bitutu ilikuwa butu? Ulituambia kwa chai.”

Aliyasema bila kejeli, na hilo ndilo lililouma. Miaka sita Sheila amekaa mita tatu kutoka kwake akitafuna mandazi, na Onchiri akimfundisha kazi yote, kisu kwa kisu, kasi kwa kasi, akidhani anajisifu. Laiti angeandika milimita, hakuna ambaye angekumbuka hadithi! Mdomo huponza kichwa, walisema wa kale, na wa Onchiri ulikuwa umeponza hadi mabega.

“Hiyo rafu ni nzuri, fundi,” Linda aliongeza. “Jumatatu nikiingia tu mlangoni niliona tundu moja liko wazi. Kwa kreti singejua hata mwaka mzima.”

Onchiri alitaka kujibu kwamba pengine kiliangukia chini ya meza. Lakini alipoinua macho kutafuta maneno, macho yake yalitua kwenye kabati la vioo, lile la kuwekea vikombe vya wageni, lililosimama mbele ya viti vyote ili hata asiyetaka kuliona alione. Kati ya picha ya harusi na cheti cha Bravin cha darasa la nane, juu ya kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa kwa mkono, kisu cha Bitutu kilikuwa kimesimama wima. Bonareri alikuwa amekisugua kwa majivu. Kiling'aa kuliko kilivyowahi kung'aa siku yoyote mikononi mwa Onchiri.

“Tuombe,” Mzee Momanyi alisema.

Wote waliinamisha vichwa. Mzee, ambaye macho yake hayaoni mbali lakini sala zake huenda mbali sana, alimwomba Mungu amwinue mtumishi wake Onchiri, amrudishe mahali pake, na kila kilichotoka mahali pake nacho akirudishe. Onchiri hakufumba macho. Alikuwa akipima kwa macho tu umbali kati ya kiti chake na kabati, na kama blanketi lingetosha kufunika. Alipogeuka akakuta Linda naye hajafumba. Walitazamana juu ya kichwa cha mzee, sala ikiendelea. Linda aligeuza macho akatazama kabati, akatazama tena Onchiri, kisha akainama taratibu kusema amina.

Bonareri alikuja na chai. Alifungua kabati kutoa vikombe, na vikombe vilipotoka kimoja kimoja, kisu kilibaki peke yake kama bwana harusi. Hapo hata mzee alikiona.

“Na hiyo ni nini, mama?”

Bonareri aliweka birika chini, akajifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke asiyesema sana mbele ya watu, lakini sasa alisema kwa fahari.

“Ni ya Baba Bravin. Si mlimpatia nyinyi? Niliipata kwa koti nikasema, miaka kumi na sita, hatimaye wamemkumbuka. Yeye hawezi kujisifu, alificha. Nimeonyesha hata akina mama wa kanisa.”

Nje, mtu alipita akiuza sufuria. Onchiri aliyajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba kazi yake imo mikononi mwa binti mwenye umri wa mwanawe, na kwamba ameona haya, haya ya kweli, mbele ya mkewe kuliko mbele ya Mungu aliyekuwa akiombwa dakika chache zilizopita. Mke wake alikuwa ameamini. Katika nyumba hii kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwona kuwa mtu wa kupewa zawadi, na zawadi yenyewe ndiyo hiyo.

Linda alipuliza chai yake.

“Ndio, mama,” alisema. “Tulimpatia. Aliifanyia kazi.”

Bonareri alitabasamu, akampa mgonjwa kikombe cha kwanza.

Wakati wa kuaga Onchiri aliwasindikiza hadi kwenye ua, kama mwenyeji anavyopaswa. Sheila na mzee walitangulia. Onchiri alifungua mdomo, na Linda akainua mkono kumzuia. Alimwambia kisu kingine kitanunuliwa, kitapata tundu jipya. Hicho akiache palepale, kisitoke tena kwenye lile kabati mama asije akauliza. Na kesho malaria ikiwa imeshuka, kazi inaanza saa mbili. Hayo tu. Hakumtukana wala hakumfuta, na Onchiri alirudi ndani akitamani angefutwa.

Alhamisi saa mbili kasorobo alikuwa amefika. Hakuna aliyemuuliza chochote. Sheila alikuja akanyoosha mkono, akachukua kisu cha Padre, akarudi kwenye kazi yake bila kumtupia jicho. Hata mvulana aliyeanza kazi jana angeweza kufanya hivyo. Mtu yeyote angeweza. Onchiri aliitazama rafu aliyoijenga mwenyewe, na mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu alikuwa amechimba visima arobaini na viwili. Arobaini vilikuwa vimejaa, na kimoja kilingoja Sheila arudishe cha Padre. Kwenye ngazi ya pili, mahali pa heshima, tundu moja lilikuwa tupu, na chini yake neno BITUTU lilikuwa limepakwa rangi juu na kuandikwa upya, kwa mkono ulionyooka wa mtu aliyesomea kuchora mashine: ONCHIRI. Kwao jina la mtu hupewa mtoto pale tu mwenye jina anapokuwa amekufa, na yeye alikuwa hai. Alilisoma mara moja tu, na tangu hapo akawa anapita upande mwingine wa meza.

Ilikuwa saa nne, birika likiwa limeshaletwa, Bitutu mwenyewe alipoingia na kipuri cha kinu chake begani. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Onchiri ametengeneza rafu yenye majina ya wateja, naye akaja kujiona. Alikitua kipuri, akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka juu, kidole kikifuata.

“Onchiri, mimi nimeenda wapi?” aliuliza. “Hapa kuna Nyakerario, kuna Padre, hata huyo wa trekta yuko. Mimi na hiyo foleni yangu yote sipo. Na wewe umeingia aje hapa kwa wateja, na tundu ni tupu?”

Sheila alizima lathe. Mtu wa kuchomelea naye akazima. Linda akatokea mlango wa ofisi na kikombe chake. Karakana ikanyamaza, kama ilivyonyamaza kila saa ya chai kwa miaka kumi na sita, na wote wakamgeukia Onchiri wapate kusikia hadithi.